Tunachangia Harusi, Tushindwe Kuchangia Sinema?

Kila ifikapo Desemba, barabara inayopanda kutoka Boma Ng'ombe hadi Sanya Juu hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani. Wana wa Siha waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na hata ng'ambo hurejea kula sikukuu na wazee wao. Huo ndio wakati wa vikao. Ukoo hukutana, kamati za harusi huchaguliwa, kadi za mchango hugawanywa, na mweka hazina hufungua daftari lake. Ndafu itachomwa, mbege itapikwa, maturubai yatafungwa, na mpiga picha za video ataajiriwa tangu asubuhi hadi usiku wa manane. Hakuna anayehangaika kuuliza fedha zitatoka wapi. Zitatoka kwa watu.

Lakini kijana wa hapo hapo akisimama katika kikao hicho, akasema kwamba ameandika mswada wa sinema ya taharuki, yenye siri, hila na msako, na kwamba anaomba kila mtu atoe shilingi 5,000 ili sinema hiyo ipigwe katika mitaa na mashamba ya Sanya Juu, ataonekana mtu wa mchezo. Wazee watatabasamu. Wasomi watamshauri aandike barua kwa wafadhili. Kwa hiyo tumekubali kulipia kamera ije itupige picha tukila, na tumekataa kulipia kamera hiyo hiyo itupige picha tukifikiri.

Makala hii inapinga tabasamu la wazee na ushauri wa wasomi, yote mawili. Inadai kwamba sinema ya mtu mweusi haitakuwa huru mpaka watu wake wenyewe waigharimie. Kwamba mchango wa umma ni desturi yetu ya siku nyingi, wala si uzushi wa mitandao ya kigeni. Na kwamba mchango huo lazima uondoke katika hali ya sadaka, uwe hisa, uwe ushirika, uwe mali yenye hesabu.

Sinema zilizotukuta nyumbani

Tuanze na yale yaliyokwisha kutendeka mbele ya macho yetu. Mtu akisimama Sanya Juu asubuhi isiyo na mawingu, ana Kilimanjaro upande mmoja na Mlima Meru upande wa pili. Chini ya Meru na kwingineko kaskazini mwa Tanganyika ndiko ilikopigwa sinema ya Kimarekani iliyotolewa mwaka 1962, mwigizaji wake mkuu akiwa John Wayne. Jina lake lilikuwa neno letu la Kiswahili: Hatari! Walichukua neno, wakachukua milima, wakachukua vifaru na twiga. Wenyeji wakawa watu wa kubeba, kusukuma na kushangilia. Fedha ilikuwa yao, na hadithi ikawa yao. Hatuna sababu ya kuwalaumu sana. Mwenye kulipa alifanya alichokusudia kufanya. Wa kujilaumu ni sisi, ikiwa miaka zaidi ya 60 baadaye bado tunangoja mwingine alipe.

Mwezi wa Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alilieleza Bunge kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Serikali haikuishia katika maneno. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na kazi zikaonekana. Sinema ya Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, ni ushahidi kwamba watengenezaji wetu waliweza kuieleza jamii yao kwa picha zenye heshima na akili. Lakini kampuni ile ilitegemea mfuko mmoja tu, yaani mfuko wa dola. Dola ilipobanwa na hali ngumu ya uchumi, kampuni ilidhoofika hadi ikafa. Hilo ni fundisho la kwanza: kisima chenye chemchemi moja hukauka siku moja.

Kilichofuata kilikuwa soko la kanda na santuri za video. Sinema kama Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, ilionyesha kwamba watazamaji wapo na wana kiu ya kujiona. Hata hivyo mfanyabiashara aliyelipa alitaka faida ya haraka. Mtunzi akapewa siku chache, mhariri akapewa usiku mmoja, na mtazamaji akapewa hadithi moja iliyokatwa vipande viwili ili anunue mara mbili.

Fedha ya nani, hadithi ya nani?

Penye udhaifu huo ndipo alipoingia mfadhili. Lazima tuseme kwa haki: wafadhili wamewezesha kazi nzuri. Tamthilia ya Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012, ilipigwa kwa ustadi na ilikuza waigizaji wetu. Lakini iligharimiwa kwa fedha za msaada wa Marekani kwa ajili ya kampeni za afya, na kwa hiyo ilibeba mafundisho ya afya. Nchini Kenya, Nairobi Half Life ya mwaka huo huo wa 2012, sinema ya taharuki iliyoongozwa na Mkenya David "Tosh" Gitonga, ilipatikana kwa mpango ulioanzishwa na Wajerumani. Ni sinema ya kujivunia. Swali langu halihusu ubora wake. Swali ni hili: fedha hiyo ikigeukia bara jingine mwaka ujao, sisi tutasimulia nini, na kwa ruhusa ya nani? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Jirani zetu wa Uganda wametupa mfano wenye mafunzo mawili. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Nabwana I.G.G. na wenzake walitengeneza mwaka 2010 sinema ya mapambano iitwayo Who Killed Captain Alex? kwa gharama isiyofikia dola 200. Bunduki zao zilikuwa za mabomba na mbao, na waigizaji wao walikuwa majirani. Mwaka 2015 waliomba mchango wa dola 160 kupitia mtandao wa Kimarekani wa Kickstarter. Watu 374 wakawachangia zaidi ya dola 13,000. Fundisho la kwanza ni la kutia moyo: watu wengi wakitoa kidogo kidogo, lililoonekana ndoto huwa kazi. Haba na haba hujaza kibaba. Fundisho la pili ni chungu: mchango wenyewe ulipitia Marekani, ukaombwa kwa lugha ya Marekani, ukapimwa kwa fedha ya Marekani. Waafrika Mashariki tulikuwa na simu za kutumiana fedha mikononi, Kenya tangu 2007 na Tanzania tangu 2008, na bado mtengenezaji wetu alilazimika kubisha hodi ng'ambo ili asikilizwe nyumbani.

Mchango ni desturi yetu

Mtu asidhani kwamba watu wa Kilimanjaro wanahitaji kufundishwa na wageni namna ya kukusanya senti za wengi zikafanya jambo kubwa. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa mlima huu walianzisha chama chao, wakati walowezi walipokuwa hawataki kabisa Mwafrika alime zao hilo. Mwaka 1933 chama hicho kilirithiwa na KNCU. Mkulima mwenye vikonyo vichache vya kahawa nyuma ya nyumba yake alijiunga na maelfu wengine, nao wakauza pamoja. Shule nyingi za sekondari zinazoupamba mkoa huu zilijengwa kwa tofali la mzazi na shilingi ya mzazi.

Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote uko ng'ambo ya uwanda wa Sanya. Baada ya Vita Kuu ya Pili, tume ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza kwamba eneo lililo kati ya Meru na Kilimanjaro, lile lililoitwa Ushoroba wa Sanya, lifanywe ardhi ya walowezi wa Kizungu mfululizo. Wameru walikuwa tayari wakiishi Engare Nanyuki, katika ardhi waliyoinunua tena kwa fedha zao. Novemba 1951 askari wakafika. Watu wapatao 3,000 walifukuzwa, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa, ili mashamba 13 ya walowezi yapatikane.

Wameru walifanya nini? Walichanga. Watu walionyang'anywa makazi walitoa walichobaki nacho ili wamtume mtu mbele ya Umoja wa Mataifa. Mtu huyo alikuwa Kirilo Japhet. Aliyemsaidia kwa sheria alikuwa Earle Seaton, mwanasheria mweusi kutoka Bermuda aliyefanya kazi yake Moshi. Mwaka 1952 Kirilo alisimama New York akaueleza ulimwengu yaliyotendeka Engare Nanyuki. Azimio la kuwaunga mkono Wameru lilipita katika kamati, lakini katika Baraza Kuu halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajika. Walishindwa kwa kura, hawakushindwa kwa sauti. Miaka mitatu baadaye, 1955, Mwalimu Nyerere naye alikwenda New York kuisemea TANU, na safari yake pia iliwezekana kwa michango.

Ndugu msomaji, hebu itazame habari hii kwa jicho la mtunzi wa sinema. Kuna ardhi inayonyang'anywa. Kuna mikutano ya faragha. Kuna mfuko wa fedha ambao lazima akabidhiwe mtu mwaminifu. Kuna safari ya mtu ambaye kijijini kwake hakuna aliyewahi kuifika nchi anayokwenda. Kuna kura zinazohesabiwa moja moja. Hiyo ni taharuki tupu, na haikuhitaji kubuniwa. Tena ni taharuki iliyogharimiwa na umma tangu mwanzo wake. Ingekuwa aibu kubwa hadithi ya watu waliochanga kumtuma Kirilo ikaja kupigwa sinema kwa fedha za kuombaomba.

Wenzetu weusi, na wakulima wenzetu

Huko Marekani, mtu mweusi aliijua njia hii mapema. Oscar Micheaux, ambaye baba yake alizaliwa mtumwa, alikuwa mkulima na mtunzi wa vitabu. Kampuni moja ya watu weusi ilipotaka kuigeuza riwaya yake The Homesteader kuwa sinema, mapatano yalivunjika kwa sababu Micheaux alitaka kuiongoza mwenyewe. Basi akaanzisha kampuni yake, akaenda kwa wakulima wa eneo la Sioux City, Iowa, akawauzia hisa, nyingi kwa bei ya kati ya dola 75 na 100 kila moja. Mwaka 1919 sinema yake ikatoka. Tazama vizuri alichofanya: hakuomba huruma. Aliuza sehemu ya mali, na hatamu za hadithi zikabaki mkononi mwake.

Haile Gerima, Mhabeshi aliyefanya makazi yake Washington, alitengeneza Sankofa mwaka 1993, sinema kuhusu utumwa. Wasambazaji wakubwa walipoikataa, yeye na wenzake walikodi kumbi wenyewe, mji baada ya mji, na jumuiya za watu weusi zikaijaza kila kiti. Tunajifunza hapo kwamba umma hauhitajiwi wakati wa kupiga picha peke yake. Unahitajiwa pia siku ya kuonyesha.

Na kama mtu atasema hao walikuwa Marekani, penye fedha, basi atazame India. Mwaka 1976 mwongozaji Shyam Benegal alitengeneza Manthan, sinema juu ya wafugaji wanaounda ushirika wa maziwa na kupambana na walanguzi. Wafugaji 500,000 wa vyama vya ushirika vya Gujarat walitoa rupia 2 kila mmoja. Rupia mbili! Ilipoanza kuonyeshwa, wakulima walipanda malori kwenda kuitazama sinema yao. Mwaka 2024 sinema hiyo hiyo, ikiwa imekarabatiwa, ilionyeshwa tena Cannes, Ufaransa. Wafugaji wa Gujarat hawakuwa matajiri kuliko mkulima wa Siha. Walikuwa na ushirika. Nasi tunao, na hapa Moshi kipo hata Chuo Kikuu cha Ushirika.

Hoja za wapinzani

Wapo watakaosema: sinema ni anasa; tujenge zahanati kwanza. Hoja hii ingekuwa na uzito kama msemaji asingekuwa amekwisha kutoa mchango wa sendofu, wa harusi, wa kipaimara na wa maadhimisho ya ndoa ndani ya mwaka mmoja. Sizipingi sherehe hizo, zinatuunganisha. Nasema tu kwamba mtu anayetoa kwa ajili ya furaha ya siku moja hawezi kudai hana cha kutoa kwa ajili ya kumbukumbu ya vizazi. Hesabu ni nyepesi: watu 20,000 wakitoa shilingi 5,000 kila mmoja, zimepatikana shilingi 100,000,000. Na tujue kwamba kijana hakai bila sinema. Katika mabanda ya video ya miji yetu midogo hutazama za Hong Kong, za Mumbai na za Hollywood. Swali haliko katika kutazama au kutotazama. Swali ni nani anayemfundisha kijana huyo shujaa ana sura gani.

Wengine watasema: sawa, tuchangie sinema ya historia au ya maadili, lakini taharuki ni upuuzi wa kigeni. Hawa wameisahau fasihi yao wenyewe. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, mpelelezi mweusi anayepambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Vitabu hivyo vilisomwa mpaka kurasa zikachakaa, na vilikuza wasomaji wengi wa Kiswahili kuliko hotuba nyingi. Taharuki ni chombo. Jembe halina kosa kwa sababu jirani amelitumia kuchimba shimo baya.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na sitaikwepa: fedha za michango huliwa. Ni kweli. Kila msomaji anaukumbuka mfuko fulani uliokusanywa kwa shangwe na kumalizika kwa minong'ono. Historia ya mlima huu nayo inaonya. Mwaka 1937 wakulima wa kahawa wenyewe waliinuka dhidi ya utaratibu wa KNCU, wakavunja baadhi ya maghala, kwa sababu bei ilikuwa mbaya, walilazimishwa kuuza kwa mlango mmoja, na walijiona hawasikilizwi katika chama kilichoitwa chao. Funzo lake si kwamba tusishirikiane. Ushirika usio na hesabu za wazi na usio na sauti ya mwanachama ni jina tupu. Mchango wa harusi huaminika kwa nini? Kwa sababu siku ya harusi kila mchangiaji hufika, huona chakula na kuhesabu viti. Sinema nayo iendeshwe hivyo hivyo, mbele ya macho ya watu.

Nini kifanyike

Kwanza, mtengenezaji asiitishe sadaka. Auze hisa ndogo, au aunde ushirika wa sinema ulioandikishwa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 haikuwekwa kwa ajili ya kahawa na pamba peke yake.

Pili, fedha ishikwe na wadhamini watatu au zaidi wasio na kazi katika sinema yenyewe, na hesabu ibandikwe hadharani kila mwezi: ofisi ya kata, shuleni, kanisani, msikitini, na katika simu ya kila mwanachama. Kiasi kisipotimia kwa tarehe iliyotangazwa, kila mtu arudishiwe chake.

Tatu, mchangiaji asiwe mwandishi. Hapa nitawaudhi baadhi ya wenzangu. Mwanahisa ana haki ya kuona hesabu na kupata gawio; hana haki ya kudai shangazi yake apewe nafasi ya kuigiza, wala kuamuru mhalifu asiwe wa ukoo wake. Tukimkataa mfadhili wa kigeni anayeandika hadithi kwa fedha yake, tusimweke mfadhili wa kienyeji afanye vivyo hivyo.

Nne, sinema ionyeshwe kwanza kwa waliochanga. Turubai la harusi linalofungwa kila Jumamosi Sanya Juu latosha kuwa ukumbi. Baada ya hapo iende Moshi, Arusha na Dar es Salaam, ndipo iende ng'ambo, ikiwa na kichwa chake juu.

Kwa walimu na wanafunzi

Mwalimu, usiliache jambo hili hewani. Waambie wanafunzi wako waandike mswada wa kurasa 10 wa taharuki kutokana na jambo lililotokea kijijini kwao. Wawaendee wazee wanaokumbuka yaliyosimuliwa juu ya Engare Nanyuki. Kisha waandike bajeti ya mswada huo shilingi kwa shilingi: kamera, chakula, nauli, taa, posho, kibali cha Bodi ya Filamu. Wakimaliza, waandike majina ya watu 100 wanaoweza kuwaendea, na sababu ambayo kila mmoja atapewa ili atoe. Zoezi hilo litafundisha Kiswahili, historia, hesabu na uraia kwa pamoja.

Nawe mwanafunzi, siku utakaposimama mbele ya kikao cha Desemba ukiwa na mswada wako na daftari la hesabu, wazee wakitabasamu, usikae chini. Waulize ni nani aliyemlipia Kirilo nauli. Watakujibu wenyewe kwamba walikuwa ni watu kama wao, siku ambayo walikuwa na kidogo kuliko walicho nacho leo. Halafu mpe daftari mweka hazina, na wewe mwenyewe uwe wa kwanza kuandika jina lako.